Shairi Nililolisema na Tenga Kichwani

Mwanangu, ipo siku moja nikiikumbuka nacheka peke yangu, na mke wangu akiniona anajua ni ile. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, mitumba ikajaa Morogoro mjini. Mimi nilikuwa mnunuzi wa mdalasini, nikipanda Kinole kila wiki, na huko nikampenda Mwanaidi.

Sasa kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Mjomba asipokubali, hujaoa. Mjomba wake, Mzee Kibwana, alikuwa mpenzi wa mashairi, akamwambia mshenga wangu, "Mlete aseme mwenyewe." Nikatunga, mizani nane kwa nane, nikihesabu kwa vidole mpaka vikaniuma.

Siku ilipofika nikavaa suti ya mtumba, nikawaamkia wakubwa, nikaanza. Vidole vilihesabu nyuma ya mgongo. Kila nikifika nane nakata, nameza mate, ndipo naendelea:

Nimepanda mlimani, kwenu kuomba mchumba,
Nina pendo la moyoni, sina ng'ombe wala shamba.

Mzee akainua mkono. "Kijana, unaomba mke au unahesabu ndizi? Umepanda mlimani, ukanyamaza. Mlima wa nani? Hebu msaidie bibi tenga lile la machungwa mpaka barabarani, na njiani useme shairi lako."

Bibi yake Mwanaidi alikuwa tayari mlangoni. Akufukuzaye hakwambii toka, nikajua nimekwisha, na roho iliniuma kweli. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikavua koti, nikajitwika.

Njia ya Kinole unaijua, inashuka wima. Mikono yote miwili imeshika tenga, vidole vya kuhesabia sina! Nikasema vivyo hivyo, miguu ikitafuta mahali pa kukanyaga. "Nimepanda mlimani kwenu," nikavuta pumzi, "kuomba mchumba." Nikashtuka. Mizani zote zilikuwepo, hakuna iliyodondoka, na maneno yalikuwa yangu kwa mara ya kwanza.

Bibi nyuma yangu akasema, "Alaa! Kumbe unajua kuongea, mume wangu?" Nikacheka nusura nimwage machungwa.

Tuliporudi juu nilisimama mikono ikining'inia, jasho likinitoka, nikamtazama Mwanaidi. Nikasema. Nilipofika "sina ng'ombe" watu wakacheka, nikawangoja mpaka wakamaliza, ndipo nikaongeza, "wala shamba." Bibi akapiga kigelegele kabla mwenye mamlaka hajasema neno.

"Sasa nimemsikia mtu," akasema Mzee Kibwana. "Mshenga, sogea tuzungumze." Furaha niliyoipata pale sijapata kuipima.

Kwa hiyo, mwanangu unayetunga, usidharau mizani. Zihesabu ukiwa na kalamu mkononi, tena kwa ukali, usijionee huruma. Ila ukiinuka kusema, acha kuzihesabu. Vuta pumzi pale maana inapotua, mtazame unayemwambia, akicheka mngoje. Kipimo hakitakimbia, ulikwishakitia ndani ya maneno. Shairi hutungwa limfikie mtu, na mimi lilinifikishia mke.

Mungu akujalie pumzi ndefu na ulimi mwepesi, na siku utakayosimama kusema la moyoni, yule umpendaye awe amekaa mbele yako, anasikiliza. Amina.