Uchachu wa Mbwa wa Mama Zaina

Nilifika Kabambare nimechoka hoi. Kutoka Kasongo nilikuwa nyuma ya pikipiki, nimekalia mfuko wa mihogo iliyolowekwa, unachuruzika maji njia nzima.

Mbwa wa Mama Zaina alikuwa akijikuna. Sina mikroskopu, sisi matabibu wa mifugo wa huku tunapima kwa pua. Nikainama, nikanusa. Uchachu mtupu! Nikatangaza kama profesa, “Hii ni fangasi ya ngozi.”

Tukamuosha kwa sabuni ya dawa. Harufu ikabaki. Tukamuosha tena, nami nikiilaumu sabuni.

Mbwa akachoropoka, akaja moja kwa moja kuninusa makalio.

Mama Zaina akaweka ndoo chini. “Daktari, mbwa iko na viroboto tu. Hii uchachu, ni wewe ulikuja nayo.”