Pingamizi Nililolitunzia Tangazo la Tatu

Jamani, hili nimelificha kadiri nilivyoweza, lakini kwa kuwa mwalo mzima huu wa wavuvi sasa unaniita Tangazo la Tatu, heri mlisikie kwangu mwenyewe.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wakausha dagaa hapa Kamanga (mwanamume peke yangu, nilichaguliwa kwa mwandiko), na Jumapili ndimi msomaji wa matangazo kanisani. Sasa ukaja muswada wa sheria wenye kifungu kwamba atakayeanika dagaa mchangani atatozwa faini tangu siku sheria inapoanza. Akina mama hawakukataa vichanja vya miti vya kuanikia, walitaka tu muda wa kuvijenga, wakaniandikisha hoja kurasa nne. Redio ikasema muswada umesomwa bungeni mara ya kwanza, bado mara mbili. Nikacheka peke yangu. Mara tatu, kama matangazo ya ndoa! Hayo nayajua mimi, na mwenye pingamizi akiwa na akili husubiri la tatu, kanisa likiwa limejaa.

Basi kamati ya Bunge ilipokuja Mwanza mjini kuchukua maoni, nikavuka na kivuko mikono mitupu, suti na tai, kusalimia tu (na chai, sitawadanganya), karatasi nikaziacha mezani zisijikunje.

"Kikundi cha Kamanga!" mwenyekiti wa kamati akaita.

Nikasimama, nikakohoa. "Mheshimiwa, pingamizi tunalo, ila tunalitunza mpaka muswada usomwe mara ya tatu."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Ndugu katibu," akasema kwa upole ulionichoma zaidi, "mara ya kwanza husomwa jina tu. Ya pili wabunge wanajadili na kurekebisha vifungu. Ya tatu ni kupitisha, kisha unakwenda kwa Rais kutiwa saini. Nyie wananchi mnasema leo, kwetu."

Jasho likanitoka mpaka kwenye tai. Nikajaribu kukumbuka zile kurasa nne, nikakumbuka salamu peke yake. Nikaomba nimpigie mwenyekiti wetu, Mama Nyabise, naye mheshimiwa akakubali, akasema niisogeze simu kwenye kipaza sauti, na kabla sijamweleza mama wa watu anasikika wapi:

"We Deo! Umesahau karatasi, siyo? Nilisema mimi, huyu anapenda suti kuliko kazi!"

Hata madereva nje walisikia.

"Mama, shikamoo," mwenyekiti wa kamati akasema huku akifuta machozi ya kicheko.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Akaambiwa, wala hakushtuka. Akaeleza miti ya vichanja inavyopatikana kwa shida, na masika ndiyo hayo, na watoto wanasoma kwa dagaa hao hao. "Tupeni mwaka mmoja. Baada ya hapo mkikuta dagaa wangu mchangani, nifungeni mimi mwenyewe." Wakaandika, nikawaona kwa macho yangu.

Mwaka tuliupata. Siku ya kusomwa mara ya tatu tulikaa na redio mwaloni, ikasikika "Ndiyooo!" moja ndefu, ikaisha kabla sijakaa sawa kwenye ndoo.

Nimekoma. Siku hizi la kusema nalisema siku ile ile, na karatasi natembea nazo. Ila Jumapili nikisoma matangazo ya ndoa, nikifika "mwenye pingamizi aseme", Mama Nyabise anakohoa benchi la mbele, akina mama wanainama mabega yakitikisika, na bwana harusi maskini anageuka kutazama kama suruali yake imechanika.