Bi Suad, Mwingereza wa Prairie Bend

Bi Suad wa Ilford, mashariki ya London, alikuwa na ugomvi na jiji lake, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa kelele. Fleti anayokaa na bintiye Malak iko juu ya duka la simu, karibu na kituo cha treni. Chini wanajaribisha spika. Juu kuna familia ambayo, kwa maelezo ya Bi Suad, huhamisha kabati kila siku na haijapata bado pahala pa kuliweka. Barabarani yupo mhubiri mwenye kipaza sauti anayewaahidi moto watu waliotoka kununua viazi. Tukikutana naye msikitini, harusini, hata hospitali tulikokwenda kumtazama mgonjwa, Bi Suad alituhadithia kelele, mpaka mgonjwa mwenyewe akamuonea huruma.

Alikuja mji huu akiwa msichana kutoka Unguja, akafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya skuli ya msingi mpaka akastaafu. Miaka yote hiyo watu walimuuliza anatoka wapi. Akijibu Ilford, huulizwa tena, "La, kwenu hasa?" Alishazoea. Alikuwa na jibu fupi la wenye haraka na jibu refu sana la wale waliomkera.

Basi mwanawe wa kiume, Hussam, ambaye ni mhandisi, akapata kazi kwenye kiwanda cha matrekta huko Iowa, katikati ya Marekani, katika mji mdogo uitwao Prairie Bend. Siku moja alipiga simu ya video, akamwonesha mamake mtaa anaokaa. Bi Suad aliitazama simu kwa muda mrefu.

"Mbona picha imeganda?"

"Haijaganda, mama. Ndivyo kulivyo. Hakupiti mtu."

Kesho yake alitutangazia kwamba anahama London.

Ruhusa aliyopewa ya kukaa Marekani ilikuwa ya miezi sita tu, lakini Bi Suad si mtu wa kuiharibu khabari nzuri kwa jambo dogo kama hilo. Tulimfanyia karamu ya kumuaga, tukapika biriani, watu wakalia. Aligawa vyombo vyake vyote. Mashine ya kusagia alimpa jirani wa juu, akasema mpenda kelele apewe kelele. Malak anakielewa Kiswahili vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza tangu mdogo, na kwa Kiingereza hichohicho alituambia tusile biriani yote, tumwekee mama kwenye friji kubwa la barafu, atarudi aikute.

Prairie Bend ilimpokea Bi Suad kwa nyumba nyeupe ya mbao isiyo na ua, na majani mbele yaliyokatwa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua skuli. Mahindi yalianza pale mji ulipoishia, na mji uliishia karibu sana. Wiki za mwanzo alikaa kibarazani akausikiliza ukimya kwa raha, macho ameyafumba. Alitutumia ujumbe wa sauti. "Mnasikia?" aliuliza, kisha akanyamaza ili tusikie. Nasi tulisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, maana haukuwa mfupi.

Majirani wa mbele walikuwa mzee Douglas, aliyestaafu kazi ya kuuza mashine za shamba, na mkewe Darlene. Darlene alifika mapema kabisa na bakuli la viazi vilivyookwa kwa supu ya uyoga ya kopo, na bakuli jingine aliloliita saladi, ambalo ndani yake mlikuwa na jeli ya kijani na karoti. Bi Suad aliikazia macho ile jeli. Ilitikisika.

"Kula, mama," alisema Hussam. "Na bakuli lao usilirudishe tupu. Wataona vibaya."

Hilo lilimfurahisha, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Aliyarudisha mabakuli na sambusa. Akagundua jambo jingine. Darlene akitaka kuondoka hujipiga mapaja, akasema, "Haya basi," akasimama. Kisha huzungumza mlangoni. Kisha huzungumza kwenye ngazi. Douglas akishawasha gari kumpeleka mjini, Darlene huzungumza kupitia kioo. "Huyu kama hakuzaliwa Mkunazini kwetu Unguja," Bi Suad alituambia, "basi mamake alipita huko."

Siku moja alitoka kwa miguu kwenda kununua vitunguu. Hakufika kona kabla gari halijasimama kumuuliza kama gari lake limeharibika. Likasimama jingine. Lililofuata lilikuwa la polisi. Askari alishusha kioo, akavua miwani.

"Bibi, uko salama?"

"Niko salama. Nakwenda dukani."

"Kwa miguu?"

"Ndiyo niliyokuja nayo."

Askari alimpakia, akampeleka dukani, akamngojea, akamrudisha nyumbani na kumbebea vitunguu mpaka mlangoni. Kabla ya magharibi nusu ya kiwanda ilikuwa imeshampa Hussam pole kwa yaliyomkuta mamake. Hapo ndipo Bi Suad alipofahamu kwamba mji ule hauna kelele lakini una khabari. Akinunua dawa ya kikohozi asubuhi, mchana Darlene huleta asali. London mtu anaweza kukohoa mwaka mzima, na jirani akagonga ukuta.

Kilichoyabadilisha maisha yake kule kilikuwa lafudhi. Darlene alimwambia, "Napenda unavyosema. Waingereza mna sauti nzuri."

Katika umri wote wa Bi Suad hakuna mtu aliyewahi kumwita Mwingereza bila ya kuongeza neno mbele au nyuma. Lakini aliona ni haki aseme ukweli.

"Asili yangu ni Zanzibar."

Darlene aliinamisha kichwa kwa heshima. "Hiyo ni sehemu ya London?"

"Ni mbali kidogo," alisema Bi Suad, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Wiki ile ile maktaba ya mji ilibandika tangazo: alasiri ya chai halisi ya Kiingereza, pamoja na Bibi Suad wa London. Hussam alicheka mpaka akakaa chini. Mamake hakucheka. Alikwenda mji wa pili kutafuta iliki, akachemsha maziwa na majani ya chai na tangawizi na mdalasini mpaka chumba chote cha maktaba kikanukia, akaandaa na mahamri na sambusa za nyama ya ng'ombe. Wanawake wa Prairie Bend walikuja wamevaa kofia. Walikunywa, wakafumba macho, wakasema sasa wanafahamu kwa nini Waingereza hawaiachi chai yao. Mmoja aliuliza kama kule kwenye kasri la kifalme watu hula sambusa kwa mikono.

"Mimi sijawahi kuwaona wakitumia uma," alijibu Bi Suad. Naye hakusema uongo.

Basi akawa mtu mkubwa. Gazeti la mji lilitia picha yake. Skulini aliitwa awafundishe watoto adabu za Kiingereza, akawafundisha kumpa mtu kitu kwa mkono wa kulia na kuwaamkia wakubwa kabla hawajaulizwa. Wazazi walipeleka shukrani. Alitusimulia haya yote kwa simu bila ya haya hata kidogo, nasi huku Ilford tuliulizana nani kati yetu atampigia aongee naye kama zamani.

Mwanzo wa vuli alihamia pale daktari mpya wa mifugo, na mkewe akiitwa Philippa, Mwingereza wa kuzaliwa, kutoka Surrey, kusini ya London. Darlene, kwa wema wake, alimualika naye atengeneze chai siku ya pili ya chai pale maktaba. Philippa alitia maji ya moto kwenye birika, akaitumbukiza mifuko ya chai, akaleta maziwa baridi pembeni na vimkate na jemu. Wanawake walionja. Walitazamana.

"Ni tofauti," alisema mmoja wao. Prairie Bend hawasemi kitu ni kibaya. Wakisema ni tofauti, kimekwisha.

Darlene alimnong'oneza Bi Suad sikioni, "Maskini. Amekaa mno nje ya kwao."

Birika la Philippa lilibaki limejaa, na mwenyewe amesimama kando yake ameshika kisahani, anatabasamu kwa shida. Bi Suad alimjua mtu wa namna ile. Yeye mwenyewe alisimama hivyo kwenye sherehe za skuli miaka mingi, na sahani ya kashata ambayo hakuna aliyeigusa. Aliiacha meza yake, akajimiminia kikombe cha chai ile ya rangi ya mvua, akakaa karibu naye.

"Umenisaidia," alisema Philippa. "Niliambiwa unatoka London. London sehemu gani?"

"Ilford."

"Aa," alisema Philippa kwa upole. "Basi si London hasa. Ile ni Essex, wilaya ya pembeni."

Mimi sikuwepo, lakini Hussam alikuwepo, na anasema mamake alikiweka kikombe chini taratibu sana.

"Mimi nikipiga kura, nachagua meya wa London," alisema. "Nimelipa kodi London. Treni ya London ikichelewa, nami nimechelewa nayo, kwenye baridi, mwaka baada ya mwaka."

"Naam, lakini kihistoria..."

"Kihistoria umewahi kufika Ilford?"

Philippa alikiri kwamba aliwahi kupita kwa treni.

Kilichofuata kilisikika mpaka kwenye maegesho. Bi Suad alimpitisha Philippa katika Ilford nzima: duka la simu na spika zake, samaki wa kibua sokoni Jumamosi, foleni ya basi yenye lugha zaidi ya abiria, familia ya kabati, hata mhubiri, ambaye safari hii alimsifu kwa kutokosa siku. Alinyoosha kidole. Alisimama. Wanawake wenye kofia waligeuka wote, na Douglas, aliyekuwa nje, aliingia mbio akidhani mtu ameanguka. Philippa aliomba radhi. Bi Suad akaomba radhi. Darlene akaleta keki, kwa kuwa hakujua la kufanya.

Njiani kurudi nyumbani, walipopita silo, lile ghala refu la nafaka, Bi Suad alimgeukia Hussam.

"Nataka kurudi," alisema.

"Kwa sababu ya yule?" aliuliza Hussam. "Mama, watu hapa wanakupenda."

"Wananipenda, na wote ni wema, Mungu awalipe. Lakini tangu nifike sijapata mtu hata mmoja wa kubishana naye. Na nilipompata, ilibidi atoke Surrey." Akacheka, kisha akafuta macho. "Nilijisikia mzima, mwanangu. Nimeogopa mwenyewe."

Darlene alikuja kumuaga, na kuagana kwenyewe kulichukua karibu asubuhi nzima, kuanzia jikoni mpaka kwenye mlango wa gari. Douglas, ambaye kuzungumza kwake ni kwa kubana sana, ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Alimteremshia mabegi, akasimama akizungusha kofia mikononi, akasema atakuwa akimkatia Hussam majani ili kibaraza kisionekane kama kimehamwa.

Ilford, Malak alimfungulia mlango na kumkumbatia kwa nguvu, kisha akaanza kueleza jambo kwa Kiingereza cha haraka. Chumba cha mama alikuwa amempangisha muuguzi wa Kenya, dada mmoja kutoka Meru aitwaye Gakii. Bi Suad angelala sebuleni kwa muda.

Gakii alitoka na sweta juu ya nguo za kazi, akamshika Bi Suad mkono kwa mikono miwili. "Karibu nyumbani, mama. Pole na safari. Hii nyumba iko na baridi, nikuletee blanketi?"

"Ina baridi," alisema Bi Suad.

"Ndiyo, iko na baridi sana."

"Nyumba *ina* baridi, mwanangu. Iko Ilford, lakini ina baridi."

Gakii alifikiri kidogo, akakaza mshipi wa sweta. "Sawa, mama. Sasa kwa vile tumeelewana, blanketi unataka ama hutaki?"

Bi Suad aliketi, akavua viatu, akamwambia alete mawili, kisha arudi akae hapo waendelee.