Injini Iliyosubiri Amina

Mjomba wangu alitengeneza pikipiki Ruiru kwa miaka mingi kabla ya kuunda ndege yake: kiti kimoja, mabawa ya turubai, injini ya pikipiki nyuma ya kiti. Tuliibeba kwa pikapu hadi Murera, kwenye ploti ambazo hazijajengwa. Kanisa lake lilikuja lote. Kwetu hata gari la mitumba haliendeshwi kabla ya kuombewa, sembuse kitu cha kuruka.

Nilisomea fizikia chuoni, na pale kanisani nilijulikana kwa maswali tu. Nilikuwa nimekagua kila nati.

"Anko, washa sasa," nilisema. "Ipate joto wakiomba."

Pasta akaombea mabawa, akaombea magurudumu, akaombea hata wenye ploti. Mama mmoja akaninong'oneza, "Profesa, leo hata wewe funga macho."

Nikafunga. Injini ilinguruma tu pale pale. Nani angemkatiza pasta?

Baada ya Amina, mjomba aliondoka kwa kasi. Magurudumu yakaacha ardhi, vigelegele vikapigwa, na kabla hajafika juu ya paa la nyumba ya jirani, injini ikazima. Ndege ikalalia bawa la kushoto na kuangukia shamba la mahindi. Tulimkuta ameketi kando yake, ameshika mkono uliovunjika.

"Huyo ni shetani," mtu akasema.

"Ni joto," nikajibu. "Injini ya pikipiki hupozwa na upepo wa mwendo. Hii imewaka sala nzima ikiwa imesimama."

Mjomba akaniangalia. "Na nani alisema iwashwe?"

Ni mimi. Kosa langu lingeweza kumuua, mimi niliyehoji kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe.

Mkono ulipopona na ndege ikatengenezwa, alitaka kurudi juu. Mkewe alikubali kwa sharti moja. "Huyu mwenye maswali ndiye atashika ufunguo," alisema. "Akikosea tena, asikanyage kwangu."

Siku hiyo ufunguo ulikaa mfukoni mwangu. Pasta aliomba kwa urefu ule ule, nilimwacha amalize. Nikaigusa injini: baridi kabisa. Nikampa mjomba ufunguo.

"Dakika mbili za kuipasha, anko, halafu uende. Usingoje mtu."

"Hata pasta?"

"Hata mimi."

Akaenda. Alipita juu ya yale mahindi, juu ya lile paa, akapinda kuelekea Mugutha, na mlio wa injini haukubadilika. Mara hii nilikuwa nimefumbua macho.