Damu ya mama iliandikwa kwa jina la Karai

Wakuu, salaam kwenu nyote. Hii imenikaa kifuani tangu miaka ya tisini. Sitaongeza chumvi, yenyewe inayo ya kutosha.

Niliacha shule darasa la sita nikaingia barabarani. Nimekata miwa, nimebeba mbao, nimelala kila mahali. Miaka sita sikupeleka hata salamu nyumbani Chekalini.

Siku niliporudi, nyasi zilikuwa zimeshaota juu ya kaburi la mama.

Dada yangu Nekesa hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba kabla mama hajaugua, watu wa utafiti walikuja zahanati. Walitaka kujua kwa nini malaria inaua mtoto wa nyumba hii na kumwacha wa nyumba ile, kama siri iko kwenye damu tunayorithi. Walichukua damu ya familia nzima nzima, wakasema itagandishwa, ikae miaka na miaka.

Neno hilo, itagandishwa, halikuniacha. Yaani kuna mahali mama hajaisha?

Asubuhi moja nikatoka bila mpango, bila kuaga (tabia ni ngozi). Nikadandia lori la mahindi, nikashuka Kakamega mjini, nikauliza uliza hadi nikafika ofisi ya utafiti ule. Chumba kimoja, makabati ya faili hadi dirishani.

Karani alikuwa mama mmoja mwenyeji wa Shinyalu, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Namtafuta Khalayi wa Chekalini. Ni mama yangu, amefariki."

Akapekua daftari. "Hayuko."

"Angalia tena, mama."

"Kijana, macho ni yangu. Khalayi hakuna. Kuna Karai tu. Mama yako alikuwa karai ya kufulia?"

Nikacheka, kisha nikakumbuka. Mama alikuwa akitamka l kama r. Kwake hata kwetu Lugari kulikuwa Rugari. Nikamwona ameketi mbele ya kijana wa mjini, akijitaja kwa ulimi wake, na kijana akiandika alichosikia.

"Ndiye," nikasema.

"Taja watoto wake, nijue hudanganyi."

"Nekesa, Simiyu, Wafula, Nafula. Wafula ni mimi."

Akafuata kwa kidole hadi jina la mwisho.

"Ya mama yako sikusomei, magonjwa ya mtu ni siri yake. Mstari wako nitakusomea. Wafula. Yuko hai. Damu bado. Mama anasema atakuja."

Wakuu, kijijini walikuwa wameshanililia kama maiti.

Nikakunja mkono wa shati. "Basi nimekuja. Chukua."

"Siku hizo zote ulikuwa unakuwanga wapi? Kuchukua tulimaliza, mwanangu. Chupa zote zilienda Nairobi."

"Hata moja tu, ikae karibu na yake."

Akavua miwani. "Ningekuwa na sindano ningekudunga mwenyewe."

Nafasi yangu ikabaki tupu. Mpaka leo ni tupu.

Jioni nikapata chumba kwenye gesti karibu na soko. Mzee mwenye gesti akanisukumia kitabu cha wageni. Unakotoka. Unakokwenda. Miaka yote, kwenye kila gesti, hapo nilikuwa naandika uongo.

Nikaandika Chekalini. Chini yake, Chekalini.

Mzee akachungulia. "Sasa wewe umesafiri ama umezunguka tu?"

"Nimezunguka, mzee. Kesho narudi."

Akanipa ufunguo.

Nilichojifunza: jina la mzazi litafute kwa ulimi wake, usilitafute kwa kitambulisho tu. Na kama kuna mtu bado anasema utakuja, nenda akiwa bado anasema.

Kuna mwenzangu humu ambaye damu ya mtu wake iko kwenye friza ya watafiti? Je, uliwahi kuuliza inafanya nini huko? Semeni, nasoma yote.