Koti la Mtu Aliye Hai

Nilipokuwa msichana Kisumu, miaka ya themanini, nilitaka jambo moja tu: kushona koti la mwanamume. Gauni na sare za shule hazikunitoa udenda. Nilitaka koti la suti lenye bitana ndani, kola inayolala shingoni kwa adabu, na bega lisilo na hata mkunjo mmoja. Hamu hiyo ilitoka wapi, sijui. Marehemu baba alikuwa akivaa koti juu ya kanzu siku za Idi, na labda jicho langu lilianzia hapo. Lakini wasichana wangapi wameona makoti ya baba zao wakaenda zao kuruka kamba?

Mama alikuwa akipika mahamri pale Kaloleni, na alinitakia mema.

"Mwanamke hushona gauni, mwanangu," alisema. "Sare nazo hazikosi wateja kila shule zikifunguliwa."

Nikamwambia sare nitashona, lakini koti siliachi. Akasema nimerithi kichwa cha babangu, na hilo halikuwa sifa.

Nilikwenda kwa fundi mmoja, mzee wa Kijaluo aliyekuwa na cherehani mbili kwenye veranda ya duka la vitambaa mjini. Alinitazama juu ya miwani yake, akatazama buibui langu, kisha akarudi kwenye kazi yake. Nilirudi kesho yake. Nilirudi tena na mahamri ya Mama, na hapo akanipa kiti.

"Koti ni kazi ya wanaume, nyathina," alisema, maana yake mwanangu. "Lakini kaa. Vifungo unaweza weka."

Nikaweka vifungo mpaka vidole vikaota sugu. Kutoka vifungo nikaingia bitana, kutoka bitana mifuko. Siku moja ndugu wa marehemu mmoja walikuja kutoka Port Victoria wakitaka suti upesi, mazishi yalikuwa Jumamosi. Mzee akanisukumia mkasi.

"Kata hii wewe," akasema. "Huyu hatarudi kulalamika."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kushona koti: kwa watu waliokufa. Kwa majirani zetu wa pale, mtu mzima hazikwi ovyo ovyo, huvishwa suti, na watu hupita kumwangalia. Siku hizo walio hai walikuwa wakinunua suti zilizoshonwa tayari madukani, basi veranda yetu ikabaki na wanaozikwa. Vipimo tulichukua kwa ndugu mwenye umbo kama la marehemu. Mgongoni tulishona kijuujuu, maana hakuna atakayemgeuza. Kwapa tulikata pana, likashuka mpaka karibu na mbavu, ili wanaomvisha waweze kupitisha mkono uliokwisha kuwa mgumu. Mama aliposikia alishika kichwa. Kwetu sisi Waislamu maiti huvikwa sanda, na sanda haina mifuko.

"Sasa hao wanawekewa mifuko ya nini?" aliuliza. Mimi nikaendelea kushona mifuko.

Nilifurahi, nakiri. Nilikata makoti mengi ambayo kila aliyeyaona aliyasifu. Lakini nilitaka kumwona mtu akitembea barabarani ndani ya kazi yangu. Mteja asiyeweza kukataa hakusifu pia, na jambo hilo lilinikera zaidi kila mwaka.

Basi akaja mwalimu wa kwaya kutoka Ahero. Yeye ndiye tuliyempima tulipomshonea marehemu kaka yake.

"Fundi, ndugu yangu alitoka smart sana," aliniambia. "Watu wote walisema. Na mwili mlipima ni yangu. Sasa nishonee mimi."

Mzee akacheka. "Huyu anapumua. Shauri yako."

Nilishona koti hilo kama mtu anayeandaa harusi. Mwalimu alilijaribu mbele ya kioo cha duka, mikono chini, akageuka huku na huku, akapendeza. Akaenda nalo. Jumatatu iliyofuata alirudi akiwa amelivaa, na kabla sijamsalimu aliinua mikono yote miwili juu, kama anayeanzisha wimbo. Koti zima likapanda naye. Kola ikameza masikio, vifungo vikafika kidevuni.

"Unaona, fundi?" akasema kutoka ndani ya kola. "Jana nilianzisha wimbo, sauti ya pili wakacheka mpaka wakaacha kuimba."

Mzee alivua miwani akajifuta machozi ya kicheko. "Nyathina," akasema, "wewe umeshonea mtu wa kulala."

Ilikuwa kweli, na iliniuma. Mkono wangu ulikuwa umezoea watu wasioinua mikono. Nilidhani dawa ni kupanua kwapa, ili mkono upate nafasi. Nikalipanua. Koti likazidi kupanda. Nikaongeza kitambaa, likawa gunia. Hata Mzee alijaribu, akashindwa, akakiri kwamba mkono wake nao ulikuwa umezoea walalao. Mwalimu hakugomba. Aliniachia lile koti akasema likiwa sawa nimwite, naye akarudia koti lake kuukuu.

Miaka ikapita. Niliolewa, nikazaa, nikarudi verandani. Mzee macho yalimwishia, akaenda kwao kupumzika, akaniachia nafasi yake. Miaka ya tisini mitumba ilijaa mjini, na mafundi wenzangu wakaacha kushona, wakabaki kupunguza suruali za wazungu. Wengine waliingia biashara ya samaki, na sikuwalaumu, samaki walilipa. Wifi yangu alinitafutia nafasi ufuoni mara mbili.

"Hilo koti litakulisha?" aliniuliza.

Sare ndizo zilizonilisha, kama Mama alivyosema, na sikuona aibu. Lakini mshika mawili moja humponyoka, na mimi nilikuwa tayari nimeshika sare kwa mkono mmoja. Mkono wa pili sikuutoa kwa samaki.

Mitumba niliichukia kama kila fundi. Hata hivyo Jumapili moja, soko la Kibuye, nilivaa koti moja kuukuu lililoliwa na nondo, kwa mzaha tu, nikanyoosha mkono kuchukua jingine lililotundikwa juu. Koti halikupanda. Nikanyoosha tena. Muuzaji akadhani nimepagawa.

Nililinunua, nikaenda nalo nyumbani nikalifumua mshono baada ya mshono, nikalitandaza mkekani. Kwapa lake lilikuwa dogo! Dogo, tena limekaa juu kabisa, karibu na kwapa la mtu mwenyewe. Sikuamini. Miaka yote nilikuwa nikipanua nikidhani nampa mtu uhuru, kumbe kwapa likiwa pana mkono unavuta koti zima, likiwa dogo unainuka peke yake. Nilicheka hadi Mama, ambaye sasa alikaa kwetu, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Lile koti la kwanza la mwalimu sikuligusa tena. Nilikata jipya, nikalifumua mkono mara nyingi, nikawavalisha mume wangu na mashemeji nikiwaamuru washike boriti za paa. Kisha nikamwita mwalimu. Mvi zilikuwa zimeshamwingia. Alivaa, akainua mikono, akaishusha, akainua tena. Alisema tu nije Ahero Jumapili.

Nilikwenda. Mvua zilikuwa zimepiga, uwanja wa kanisa ulikuwa tope tupu. Nilisimama nje, dirishani, na buibui langu limelowa pindo. Kwaya ilisimama. Mwalimu akainua mikono, juu kabisa, na kola ikabaki pale pale shingoni.

Sikumbuki waliimba nini. Nilikuwa nalia. Mama mmoja aliyesimama kando yangu alinishika bega.

"Pole, mama. Umefiwa na nani?"

"Sijafiwa," nikamwambia. "Yule pale nimemshonea mimi, na yuko hai."