Sambusa ya Mpiga Honi wa Kwanza

Mjukuu wangu anapiga honi. Nilipowaambia hivyo majirani zangu wa Malvern, hapa Johannesburg, waliniuliza anaendesha teksi ya kwenda wapi. Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nilipoliona lile dude mara ya kwanza nilidhani ni bomba la sinki lililokunjwa mpaka fundi akachoka. Ni la shaba, limejizungusha kama utumbo wa mbuzi, na mpigaji anaingiza mkono kwenye mdomo mpana wa dude hilo kama mtu anayetafuta ufunguo ulioangukia humo. Wenyewe wanaliita honi ya Kifaransa.

Alijifunza Soweto, kwenye darasa la muziki la watoto la kila Jumamosi, mama yake akiwa kazini na mimi nikiwa kwenye cherehani. Akakua nalo, akalisomea, na mwaka 2017 lilikuwa ndilo kazi yake. Nasema kazi, ingawa mimi niliyezoea kazi yenye mlango na kufuli sikuielewa. Hakuwa na mwajiri. Alikuwa na simu. Wapiga honi wenye ajira ya kudumu mjini hapa ni wachache sana. Waliobaki wanasubiri kuitwa. Wiki hii okestra, wiki ijayo hakuna, halafu studio kurekodi muziki wa tangazo, halafu kufundisha watoto wa wenye uwezo. Simu isipolia, anasugua honi yake kwa kitambaa na kumaliza majani yangu ya chai.

Habari ya studio nitaisema mara moja tu, maana inaniaibisha. Aliitwa kurekodi muziki wa tangazo la bima. Lilipoanza kuonyeshwa nikapeleka televisheni dukani kwangu, Jules Street, na kila mteja aliyekuja kupimwa nikamnyamazisha: "Sikiliza. Huyo ni mjukuu wangu." Wiki nzima. Siku moja akapita mwenyewe, akasimama mlangoni akasikiliza.

"Bibi, hiyo honi ni ya kompyuta," akasema. "Na hilo ni tangazo la sabuni."

Mtu mwenye akili angeanzia hapo kujifunza kunyamaza.

Majira ya baridi ya mwaka huo okestra ikamwita kwa onyesho la jioni mbili. Aliyempigia simu alikuwa mpiga honi wa kwanza, kiongozi wa wapiga honi wote, mwanamume wa Soweto mwenye mvi, mpole, ambaye ndiye aliyekuwa akichagua nani aitwe na nani aachwe. Na kulikuwa na jambo kubwa zaidi: mmoja wa wale wenye ajira ya kudumu alikuwa anastaafu, kiti chake kingebaki wazi. Kiti kingeshindaniwa kwa usaili, lakini neno la yule wa kwanza lilikuwa zito. Mjukuu wangu alikitaka kile kiti kuliko alivyowahi kumtaka mume, na hilo nalo lilikuwa linanikera.

Akanipa tiketi ya jioni ya kwanza. "Ila bibi, plizi, usiongee na mtu."

"Niongee na nani mimi huko?"

Nikavaa kitenge kipya, nikajifunga blanketi, nikabeba sambusa kwenye kopo la aiskrimu, maana sijawahi kutoka nyumbani jioni bila chakula. Nilikwenda kama mtaalamu. Kwetu Bukoba kanisani tulikuwa na matarumbeta, na kaka yangu alipuliza tangu ibada inaanza mpaka waumini wanasikia njaa. Kwa hiyo mambo ya kupuliza nilijiona nayajua.

Basi nikakaa, nikaangalia. Mjukuu wangu aliketi ubavuni kwa yule mwenye mvi. Muziki ulipokuwa mkubwa, kila mtu anapuliza na ngoma zinagonga, mjukuu wangu alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na yule baba? Ameshusha honi magotini, anapumzika. Muziki ulipokuwa laini, ukumbi wote umetulia kusikiliza, hapo ndipo aliponyanyua honi akapiga yeye, na mjukuu wangu akakaa kimya kama mgeni. Ikaja tena vilevile. Na tena. Nikasema moyoni: huyu ni kupe.

Wakati wa mapumziko nikamtafuta. Nilimkuta kwenye ujia karibu na mlango wa jukwaa, peke yake, anajipaka mafuta mdomoni. Nikamvaa kwa Kizulu changu cha Jules Street, ambacho kinatosha kwa kupima kiuno na kwa kugomba.

"Wewe ndiye wa kwanza?"

"Yebo, gogo," akaitikia, yaani ndiyo, bibi. "Unafurahia muziki?"

"Nafurahia nini? Mjukuu wangu anatoka jasho, wewe umekaa. Ikija sehemu tamu unaila wewe."

Akacheka. Alidhani natania. "Ndiyo kazi yake leo, gogo. Ni msaidizi wangu. Ananipumzisha mdomo kwa ajili ya kipande kinachokuja."

"Kaka yangu alipuliza asubuhi nzima. Hakupumzishwa na mtu."

"Basi kaka yako alikuwa na mdomo wa chuma."

"Na wewe una mdomo wa kula. Haya, kwa kuwa umezoea vya wenzio, kula na hii." Nikamfungulia kopo.

Akaitazama sambusa, akaitazama saa ya ukutani. Leo najua kwamba mpiga honi mwenye kipande cha peke yake mbele yake hali kitu, sembuse kitu cha mafuta. Lakini yule alilelewa na gogo wake Soweto, na kwa malezi yale huwezi kukataa chakula cha mwanamke wa umri wangu. Akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaila yote.

Mimi sambusa zangu za wakati wa baridi naziwekea pilipili ya kuamsha maiti. Na baridi ya Johannesburg ni kavu, inapasua midomo. Wake ulikuwa umepasuka katikati, ndiyo maana ya yale mafuta. Machozi yakamlenga.

"Kali?" nikauliza, nimeridhika.

"Tamu, gogo," akasema. "Tamu sana." Akaenda zake kutafuta maji.

Kipande chake kikafika. Wote kimya, yeye peke yake. Noti ya kwanza ikatoka. Ya pili ikapasuka kama kitambaa kilichooza ukikivuta. Akaendelea, ikapasuka nyingine. Hata mimi mtaalamu nilijua hapo kuna kitu kimeharibika. Mjukuu wangu akainua macho kutoka jukwaani, akanitafuta kwenye viti, akaniona. Halafu akaliona kopo.

Tukarudi na kigari chake. Robot, ndiyo taa za barabarani huku, ikatusimamisha kwa nyekundu.

"Bibi. Ulimpa nini?"

"Sambusa."

"Yenye pilipili?"

"Kwani kuna sambusa isiyo na pilipili?"

"Eish, bibi!" Akalaza paji la uso kwenye usukani. Taa ikawa ya kijani, gari la nyuma likapiga honi kwa hasira, na kwa mara ya kwanza sikuwa na neno la kusema kuhusu honi.

Baadaye akaniuliza, taratibu, kama anayeongea na mtoto: "Dukani, mapindo anashona nani?"

"Yule msichana niliyemwajiri."

"Na kola?"

"Kola nashona mimi."

"Kwa nini yeye ashone mishono mirefu yote, wewe umekaa?"

"Sijakaa! Natunza macho kwa ajili ya..."

Tulifika nyumbani nimenyamaza, na mama yake alidhani naumwa.

Asubuhi simu ikalia. Alikuwa yule wa kwanza. Mjukuu wangu akasikiliza, akaitikia ndiyo, ndiyo, rangi inamtoka. Mdomo wa mzee ulikuwa umevimba. Angeweza kupuliza zile sehemu kubwa za pamoja, lakini kile kipande hakuwa na hakika nacho. Jioni ya pili mjukuu wangu angekaa kiti cha kwanza, akipige yeye, na mzee angekaa ubavuni kumsaidia.

Nikapiga kigelegele. Nilikifikisha nusu.

"Bibi, usishangilie. Sijakipiga mbele ya watu hata siku moja. Nikikosea, kila mtu anayepiga kura kwenye usaili atakuwa amenisikia. Kile kiti ndiyo basi tena."

Ndipo nikaelewa kwamba pilipili ile nilikuwa nimempikia mjukuu wangu. Siku ile nilimpa uji mweupe, na hata sukari niliogopa kuitia.

Jioni akanipekua mkoba kama ofisa wa mpakani Beitbridge, akapekua na mikunjo ya blanketi. Sikulalamika. Nikakaa kwenye kiti changu mikono mitupu. Muziki mkubwa ukaja, yule baba akapuliza na mdomo wake uliovimba, mjukuu wangu kashusha honi magotini. "Mwache apumzike," nikamwambia mama wa Kizungu aliyekaa pembeni yangu, kana kwamba amepinga.

Kikaja kile kipande. Ukumbi ukatulia. Alinyanyua honi na mimi nikashika chuma cha kiti kilicho mbele yangu, mwenye kiti akageuka kunitazama. Sauti ikatoka nzima. Ikaenda, ikapanda, ikashuka, kama uzi mrefu usio na fundo hata moja.

Na hapo nikamwona yule baba. Anaburuza kiatu! Kru, kru, sakafuni, karibu kabisa na mguu wa mjukuu wangu, uso ameutuliza kama si yeye. Nikasema, kumbe analipiza. Anataka akosee. Nilikuwa nimeshanyanyuka nusu, na yule mama wa Kizungu akanikamata kitenge akanirudisha chini. Mungu ambariki, hatukujuana.

Baada ya makofi nikamsubiri mjukuu wangu mlangoni, nachemka. "Yule mtu alikuwa anaburuza kiatu ili uharibikiwe! Nimemwona kwa macho yangu!"

Alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku la honi. "Bibi, tukiwa jukwaani mikono ina vyombo, na muziki bado unaendelea. Ndivyo tunavyompigia mwenzetu makofi."

Yule baba mwenyewe akatokea nyuma yake, mdomo unang'aa kama andazi. Nikamwomba radhi kwa Kizulu changu, ambacho kwa kazi hiyo hakikutosha. Akanipokea mkono.

"Gogo, siku ya usaili mjukuu wako aje. Nitawaambia nilichosikia leo." Kisha akanyoosha kidole. "Wewe usije."

Mjukuu wangu alikipata kile kiti. Siku ya usaili walinibakiza dukani, na msichana wangu wa mapindo aliagizwa asiniruhusu kuvuka mlango. Alinilinda vizuri mno.

Na mimi, ambaye kumsifu mtu kwa mdomo sijakuzoea, siku hizi msichana yule akinyoosha pindo likanyooka, naburuza kiatu chini ya cherehani. Kru, kru. Juzi ameniletea dawa ya fangasi wa miguu.